Trekta la Watu Wawili

Wiki iliyopita mwanangu wa pili alinipigia simu kutoka Likasi. Hata salamu hakuzimaliza, maana alikuwa na haraka ya mtu aliyekwisha kuamua na sasa anatafuta wa kumkubalia. "Mama, minaona trakta moja ya zamani ku njia ya Kakontwe. Bati iko na kutu, lakini motere iko muzuri. Inaomba tu kutengenezwa. Ninunue?" Akanitumia na picha. Niliitazama mara moja, nikamwambia anunue au aache, pesa ni yake na mgongo ni wake, ila mimi asiniulize tena habari za trekta kuukuu. Kijana akauliza kama simu inasikika. Hajazoea kunikuta sina maoni, mimi ambaye nina maoni hata juu ya namna padre wetu anavyokata nywele.

Nilipokata simu nikachukua ufagio, nikafagia ua ambao mjukuu wangu alikuwa ameufagia asubuhi. Nikahamisha viti kutoka kivulini kwenda juani, kisha nikavirudisha. Nikachemsha chai, nisiinywe. Ndivyo nilivyo tangu utotoni, nikiguswa mahali fulani miguu haitulii, na mahali penyewe ni hapo pa trekta. Basi wewe kaa tu, mimi nitakusimulia huku nazunguka.

Siku zile mji wetu uliitwa Jadotville kwenye vibao na Likasi midomoni mwetu. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizojengwa mbilimbili, ukuta mmoja katikati. Upande wetu alikuwa baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Upande wa pili alikaa fundi mitambo mmoja na mkewe na binti yao wa umri wangu, rafiki yangu. Sisi tulikuwa watu wa hapahapa Katanga, na wao walikuwa watu wa Kasai. Baba mzazi wa yule fundi aliletwa kuchimba shaba zamani sana, kwa hiyo fundi mwenyewe alizaliwa kambini kama nilivyozaliwa mimi. Nilimwita Baba Mdogo, na mkewe Mama Mdogo, na hakuna aliyeniambia kwamba hawakuwa ndugu zetu wa damu mpaka zilipofika siku ambazo watu walianza kuambiana mambo hayo.

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Alirudi mweupe mpaka kope, akikohoa. Baba Mdogo alirudi kutoka karakana mweusi wa grisi mpaka viwikoni. Waliegemeza baiskeli zao kwenye ukuta mmoja, wakanawa kwenye beseni moja, na maji yale mama aliyamwaga mtaroni akisema hata nguruwe wangeyakataa. Moshi wa kiwanda ulishuka ukakereketa koo, king'ora kikalia, na hapo mama zetu walianza ugomvi wao wa kila siku juu ya bukari, ugali wetu wa Katanga. Mama alisonga kwa unga wa mahindi mtupu. Mama Mdogo alichanganya na unga wa muhogo, akamwambia mama kwamba bukari yake ni ya kulisha wagonjwa. Mimi na rafiki yangu tulikula kwa mama, kisha tukala kwa Mama Mdogo, tukamsifu kila mmoja mbele ya sufuria yake. Sombe ya Mama Mdogo, yale majani ya muhogo aliyoyatwanga na kuyapika kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, sijapata kuila tena mahali popote, na nimetembea.

Kisha Katanga ikajitenga na Kongo. Sisi watoto tulichoona kwanza ni bendera mpya yenye misalaba ya shaba, na tukapewa siku ya kupumzika, kwa hiyo tulifurahi. Baadaye tukaanza kulisikia neno "wageni" likisemwa bombani tulipopanga ndoo. Siku moja mwalimu aliingia darasani na karatasi, hakututazama usoni, akasema wale ambao wazee wao wametoka Kasai wanyoshe mkono. Rafiki yangu akanyosha. Nami nikanyosha, maana tulikaa dawati moja na siku zote tulinyosha pamoja. Mwalimu akaja akaushusha mkono wangu taratibu, akaendelea kuandika. Nilidhani nimekosea jibu.

Tangu hapo kambi haikutulia. Kulikuwa na treni zilizopangwa kuwapeleka watu wa Kasai kwao, ingawa wengi hawakuwahi kuiona hiyo Kasai. Hakuna aliyetangaza kwamba anaondoka. Tulisoma milangoni. Ukiona mtu ametoa sanduku la bati nje na kulianika wazi ili harufu ya dawa ya nondo itoke, ujue huyo anafikiria. Ukiona kitanda kimeegemezwa ukutani chini ya dirisha, huyo ameamua, unaweza kwenda kuuliza kama anakiuza. Watu walitembea kambini kwa macho ya pembeni. Kwa jirani zetu, Mama Mdogo alitoa sanduku lake kila asubuhi, na Baba Mdogo akirudi kazini alilirudisha ndani. Hawakugombana kwa maneno. Walishindana kwa lile sanduku.

Katikati ya hayo ndipo trekta lilipoingia. Kwenye njia ya Kakanda kulikuwa na shamba la mzungu mmoja aliyelima viazi na kabichi. Mzungu huyo aliogopa mapema, akapakia gari, akavuka mpaka kwenda Rhodesia, akamwachia kapita wake, yaani msimamizi, kazi ya kuuza vilivyobaki. Baba alizipata habari hizo machimboni. Siku hiyo alirudi, hakunawa, akagonga ukuta wa kati kwa ngumi kama walivyozoea kuitana.

"Mudogo wangu," baba alimwambia Baba Mdogo alipotokeza, "kule kwa muzungu kunabakia trakta."

Nikueleze alichokuwa anakitaka baba. Mjomba wa mama alikuwa na ardhi huko upande wa Kakanda, ardhi nzuri iliyolala bure kwa sababu vijana wote walikuwa mijini. Baba alitaka kutoka kwenye ile chokaa kabla haijammaliza kifua, alime mahindi, ayauze kambini ambako poso, ule mgawo wetu wa chakula wa kila wiki, ilikuwa imeanza kuchelewa. Ardhi aliweza kuipata. Kuhusu mitambo, baba yangu alijua kutengeneza mnyororo wa baiskeli tu, na hata huo ulikuwa ukimtoka tena kabla hajafika kona.

Jumapili baada ya misa walikwenda kulitazama, nasi watoto wawili tukapakiwa kwenye vikalio vya baiskeli kwa sababu nililia mpaka nikaruhusiwa. Trekta lilikuwa nyuma ya banda, majani yameota kati ya magurudumu. Lilikuwa la kizamani hata kwa siku zile. Silinda moja tu, nene kama pipa, na mbele yake chungu cha chuma kilichotokeza nje. Rejeta ilikuwa imetoboka, tairi moja ya mbele imelala, kiti hakipo, na panya walikuwa wamezaa kwenye sanduku la vifaa. Baba Mdogo alilizunguka mara tatu. Akatia kidole katika kila tundu na kukinusa.

"Ilisha kufa," kapita alimwambia kwa uaminifu. "Ukitia vitesi ya mbele, inaenda nyuma. Boîte ilivunjika mu ndani." Vitesi ndiyo gia, na boîte ndilo sanduku lake.

Trekta la namna ile haliwashwi kwa ufunguo. Inabidi kile chungu kichomwe kwa taa ya mafuta inayopuliza moto, kichomwe mpaka kiwe chekundu. Kisha unauchomoa usukani pamoja na mti wake, unauchomeka ubavuni kwenye gurudumu zito la chuma, unazungusha huku na huku mpaka motere ishike. Kishikio cha taa kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo ilihitaji watu wawili, mmoja ashike moto, mwingine azungushe. Baba alishika taa huku uso ameugeuza pembeni. Baba Mdogo akazungusha. Motere ikapiga kelele moja nzito, ikatulia, ikapiga tena, ikaanza kutembea, na ardhi yote ikawa inatikisika chini ya miguu yetu.

Baba akaomba aendeshe yeye. Alirudisha usukani mahali pake, akakaa juu ya gunia, akatia gia ya mbele, na trekta likaenda nyuma. Lilipita juu ya mkeka ambao mke wa kapita alikuwa ameanikia muhogo, likalala kwenye banda la kuku, na kuku wakatoka kwa njia ambazo hazikuwepo. Baba alikuwa amekaa wima anatazama mbele kabisa, mikono imeshika usukani, kana kwamba akiendelea kutazama mbele litamwelewa. Mke wa kapita akasimama juu ya muhogo wake. "Bababa, muniulize kwanza njo muharibu," alisema. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. "Boîte haina kintu," alisema mwishoni. "Motere njo inazunguka kinyume." Akatueleza kwamba motere zile hazijui mbele wala nyuma, ukiiwasha vibaya inashika upande usio wake, na huko inakwenda kwa raha zake. Akapunguza mafuta mpaka ikakaribia kuzimika, ikawa inayumba na kupumua kwa shida, kisha akafungua ghafla. Ikageuka. Gia ileile ya mbele, trekta likaenda mbele, polepole, likakanyaga muhogo kwa mara ya pili.

Nadhani siku ile ndiyo siku ambayo baba yangu alipenda zaidi kuwa hai. Alimshika Baba Mdogo mabega yote mawili, chokaa hana, grisi anayo, akamtikisa.

Bei ya kapita hakuna kati yao aliyeiweza peke yake. Baba alikuwa na akiba yake ya miaka. Baba Mdogo alikuwa na akiba pia, lakini hiyo ilikuwa ya safari, ya kuanzia maisha Kasai wakilazimika kwenda. Akiitoa kununua trekta, familia yake imebaki Likasi, hakuna maneno mengine. Kapita akasema atawangoja mpaka mvua ya kwanza. Tena kulikuwa na matengenezo, rejeta, tairi, pete za shaba za kuzibia, na hayo yote yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu.

Walipitia kwa mjomba wa mama siku hiyohiyo. Mjomba alikuwa mzee mfupi, mkali, anayesema kidogo. Alimsikiliza baba, akamwuliza Baba Mdogo mikono yake inajua nini, akaitazama mikono yenyewe. Kisha akaingia ndani akatoka na bonge la pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Akampaka baba mkononi juu ya kiwiko, akampaka Baba Mdogo vivyo hivyo. Kwa watu wetu jambo hilo si mchezo. Ukishapakwa pemba na mwenye ardhi, wewe ni wa hapo, na anayekugusa amemgusa yeye. "Analima hapa, anakula hapa," mjomba alisema. Baba Mdogo aliendesha baiskeli mpaka kambini ameinua ule mkono kidogo ili shati lisiufute.

Zikaja wiki za kutotulia. Baba alichora trekta kwa kijiti kwenye vumbi la ua, mama akalifagia, akalichora tena. Baba Mdogo aliokota vipande vya shaba vilivyotupwa karakana, akaomba ruhusa avichukue, akavipiga nyundo nyumbani kupata pete za motere. Alikuwa hajalipa hata senti na tayari ameanza kulitengeneza. Lakini kila nilipopita, lile sanduku lilikuwa nje, wazi, na Mama Mdogo amekaa karibu nalo.

"Bantu bote banaenda," alimwambia mumewe mbele yetu siku moja. "Siye tunangoya nini?"

"Tunangoya mvula," alijibu, akaendelea kugonga.

Nami nilitaka wabaki. Nilitaka sana, kwa choyo ya mtoto. Kila pete aliyoimaliza niliihesabu kuwa ushindi wangu. Sikujua kwamba mama alikuwa amekoma kugombana na Mama Mdogo juu ya bukari, na kwamba kukoma kule kulimaanisha anamwogopea.

Siku moja ndoo ya Mama Mdogo ilipigwa teke bombani. Hakuna aliyeiokota, nami ninasema hivyo nikijihesabu. Siku chache baadaye tukaamka kukuta alama ya chaki kwenye milango kadhaa ya kambi, mstari mmoja tu, na mlango wa jirani zetu ulikuwa mmojawapo. Baba Mdogo aliufuta kwa kitambaa chake cha grisi, akaenda kazini akipiga mluzi. Baba aliuona. Jioni hiyo alirudi kutoka machimboni na uso ambao haukuwa mweupe wa chokaa peke yake. Mwenzake wa kazi, kijana anayetembea na wale wa chaki, alikuwa amemvuta kando na kumwambia, "Mukubwa, ule fundi wako akamate treni ya hii wiki. Kama anabakia, siye hatutamujua tena."

Baba hakula. Alizunguka nyumba. Alikwenda mpaka bombani na kurudi bila ndoo. Sasa nikiwa na umri mkubwa kuliko wake wa siku ile ninajua alichokuwa anakipima. Kama angemwambia Baba Mdogo habari ile kama ilivyo, Baba Mdogo angecheka. Angesema hapa ndipo nilipozaliwa, na mjomba amenipaka pemba, na motere inanisubiri. Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimtisha anakaa. Kitu pekee kilichokuwa kinamshika Likasi ni lile trekta na baba yangu.

Akagonga ukuta. Walisimama uani, jua lilikuwa bado halijazama, mimi nilikuwa napepea makaa kwenye jiko hatua chache tu kutoka kwao.

"Ile maneno ya trakta," baba alisema, "minye naacha."

"Motere iko muzuri, yaya. Pete zinabakia mbili tu." Yaya ndivyo alivyomwita, yaani kaka mkubwa.

"Najua motere iko muzuri."

"Njo nini sasa?"

Baba akatazama mikono yake. "Mjomba amekataa. Anasema udongo ya ukoo haiwezi kulimwa na muntu ya Kasai." Nikadhani imekwisha, kumbe alikuwa anatafuta cha kuongeza ili kisibaki kishikio. "Na minye mwenyewe naona vilevile. Kila muntu ku kwabo."

Baba Mdogo hakupandisha sauti. Alikuwa na pete moja ya shaba mkononi, akawa anaizungusha kwenye kidole. "Ungesema kabla ya pemba, yaya," alisema. "Kabla ya pemba ningesikia muzuri." Akaingia kwake. Baada ya muda mfupi tulisikia kitanda kikiburutwa, na nilipochungulia nilikiona kimeegemezwa chini ya dirisha.

Mama alimfuata baba jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini lakini ya kukata. "Mjomba wangu hakukataa kintu. Unamutia uongo mu kinywa, muzee wa bantu."

"Akijua, atabakia," baba alisema. "Akibakia, batamuua." Kisha akaniona nipo pale na upepeo wangu. Akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakulizoea. "Na weye, usimwambie mutoto yake. Hata ukilia, usiseme. Unasikia?"

Nilisikia. Nilikuwa na miaka tisa na nilisikia kila kitu.

Lori la kuwapeleka stesheni lilikuja asubuhi ya siku ya tatu. Baba alikuwa ameomba zamu ya wengine machimboni, hakuwepo. Mama alimkumbatia Mama Mdogo, wakashikana muda mrefu, akampa unga wa mahindi mtupu kwenye kitambaa, na Mama Mdogo, Mungu amrehemu, akasema atautia muhogo akifika. Baba Mdogo alipandisha sanduku, akapandisha mkewe, akapandisha binti yake. Hakuutazama mlango wetu. Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni mwa lori, miguu inaning'inia, hanisemeshi, kwa sababu nyumbani kwao alikuwa amekwisha kuambiwa sisi ni watu wa namna gani.

Nilisimama chini yake. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Ningesema tu "mjomba hakukataa", maneno mawili, naye angegeuka amwambie baba yake, na Baba Mdogo angeteremka, ninajua angeteremka, na sanduku angelirudisha ndani. Nilitaka ateremke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikamwambia kiatu chake kimefunguka. Akakifunga. Lori likaondoka.

Hazikupita siku tano wale wa chaki wakaja. Ilikuwa mchana, watoto tupo nje, hakuna aliyejificha. Vijana wengi, minyororo ya baiskeli, mapanga. Wakavunja mlango wa jirani zetu, wakaingia, wakakuta jivu jikoni na misumari ukutani. Baba alikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya kifua. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo umeegemea ukuta wa kati, akawasikia wanavyopiga huku na kule ndani ya nyumba tupu. Hakusema kwamba alikuwa sahihi. Aliweka mikono usoni akalia, nami sikujua kwamba wanaume wa machimboni wanaweza.

Mvua ya kwanza ilinyesha, kapita akangoja, baba hakwenda. Baadaye askari waliikokota ile mashine wakazibia nayo njia wakati wa mapigano na askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa, ikapigwa risasi, ikasukumwa mtaroni, na watu wakaikata kipande kwa kipande mpaka likabaki lile gurudumu zito tu ambalo hakuna aliyeweza kulibeba. Kujitenga kukaisha. Nyumba ya jirani ikapata watu wengine, wazuri tu, sina kesi nao. Baba alizeeka katika chokaa. Alisema ataandika barua. Kwanza posta haikufanya kazi, kisha hakuwa na anwani, kisha anwani ikapatikana na akasema amwandikie nini mtu baada ya miaka yote hiyo. Alikufa akisema ataandika.

Na mimi? Mimi nilikuwa na kalamu, nilikuwa na shule, nilikuwa na akili zangu timamu. Nilijiambia hiyo ni siri ya baba. Ninajikasirikia hata sasa ninapokuambia.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita nilipokwenda Mbujimayi, huko Kasai, kwa arusi ya mpwa wangu. Niliulizia fundi wa zamani wa Katanga, na siku ya pili nikaonyeshwa nyumba, na mwanamke mnene mwenye miwani akatoka, akanitazama, akaniita kwa jina langu la shule. Tulikaa nyuma ya nyumba tukachambua matembele. Akaniambia baba yake alifungua gereji, ikaenda vizuri, ila maisha yake yote hakukubali kushirikiana na mtu. Waliokuja kumwomba waingie naye kazini aliwajibu, "Minye nilikuwa na rafiki moja tu ku Katanga, na ule hakunitaka." Mama Mdogo alitangulia, yeye akafuata. Ilikuwa miaka minane tangu wamzike.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, kijana wa chaki, baba kuzunguka nyumba, mama jikoni, mlango uliovunjwa. Alikuwa ameshika jani moja la matembele na hakuliweka chini. "Kumbe alitufukuza ili tupone," alisema.

"Ndiyo."

"Na weye ulijua. Pale ku lori."

"Nilijua."

Sikuona hasira usoni mwake, ingekuwa afadhali ningeiona. "Mbona hamukuandika?" aliuliza. Nikachukua fungu jingine la matembele, nikaendelea kuchambua.

Siku hizi watu wakinisifia utoto wa zamani, majirani wa zamani, beseni moja, ukuta mmoja, ninawaitikia, maana ni kweli tulikuwa navyo. Kambi ile imekwisha, king'ora hakilii, machimboni wamebaki wachache, hakuna anayegonga ukuta kuita mwenzake. Lakini vitu hivyo havikupotea vyenyewe kama nywele zinavyotoka kichwani. Vingine tulivitupa kwa mikono yetu ili watu wapone, na tukaacha kwenda kuviokota hatari ilipopita. Hapo ndipo ninaposhindwa kukaa kitini.

Jioni ile ya Mbujimayi rafiki yangu alinipeleka makaburini. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa vizuri. Aliniambia niseme mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha kambini, kwa sababu baba yake hakukiacha mpaka mwisho. Nikasimama pale na kitambaa changu cha arusi kichwani, mwanamke mzima, nikasema kama mtoto anayetumwa, "Baba Mudogo, mjomba hakukataa. Ni baba alisema tu, sababu balitaka kukuua."

Rafiki yangu akanigusa kiwiko. "Sema kwa nguvu," alisema. "Ku mwisho masikio yalikuwa hayasikie muzuri, sababu ya nyundo."

Nikasema tena, kwa nguvu.